Mbele ya kuuza ngombe juu ya masomo ya mifugo



Kisha mukutano, mama mumoja wa kooperativi alinivuta pembeni. Kijana wake amemaliza lisansi ya kilimo, sasa anataka kuendelea na masta ya mifugo. Mama ana ngombe wawili tu. "Bwana agronome, niuze mumoja?" Sikumujibu palepale, juu hilo si swali la kujibu mutu akiwa amesimama njiani.

Kwanza, kusoma zooteknia si kusomea uganga wa mifugo. Muganga anatunza munyama mugonjwa, na masomo yake ni marefu, sawa vile kule Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mutu wa zooteknia anauliza mambo mengine: ngombe huyu anakula nini, dume gani apande jike gani, kuku anakula franka ngapi mbele ya kutaga. Masta ya zooteknia haimugeuze mutu kuwa muganga. Kuna vijana waliojua hilo wakiwa wamekwisha kulipa.

Katika mupango wa LMD, lisansi ni miaka 3, masta 2, kisha doktora, miaka 3 ao zaidi.

Masta inaongeza nini? Inamufundisha mutu kushika swali moja na kulijibu kwa kupima. Tuangalie dende, wale tunaofuga jikoni huku Kivu na ambao miradi mingi inawaruka. Dende ni kama sisi watu: mwili wake hautengeneze vitamini C. Akinyimwa majani mabichi anakonda, anaanza kuchechemea, na watu wanasema ni ulozi. Mimba yake ni miezi 2 na siku kidogo, na watoto wanazaliwa macho wazi. Lakini kama kaka na dada wanapandana katika jiko moja miaka na miaka, uzao unarudi nyuma. Mwanafunzi mwenye mizani anaweza kuchukua aina 2 za majani, apime watoto wa dende kila juma kwa miezi 3, na memwari inapatikana. Ifanyike kwenu, na jibu libaki kwenu.

Kazi ziko. Kuna inspeksio ya kilimo, uvuvi na mifugo, kuna INERA pale Mulungu, kuna kufundisha katika vyuo. Mimi ninaona zaidi upande wa chakula cha kuku. Inchi yetu ingali inanunua kuku wa barafu kutoka mbali, na mutu anayejua kuchanganya muhindi, soja na sambaza kavu kwa kipimo sawasawa hatakosa wateja. Miradi ya mashirika inalipa vizuri, lakini inaisha siku makuta ya mufadhili yanaisha. Mimi niko katika kazi ya namna hiyo, siwafiche.

Burse pia ziko. RUFORUM, yenye makao Kampala, inasaidia wanafunzi wa kilimo wa vyuo vya Afrika. ILRI ya Nairobi inapokea wanafunzi wanaokuja kufanya utafiti, na diploma inatolewa na chuo chao wenyewe. Huko kote inaomba Kingereza, kwa hiyo kijana aanze kukijifunza leo, asingoje barua.

Sasa turudi kwa ngombe. Familia nyingi zinahesabu minerval ya mwaka wa kwanza tu. Zinasahau mwaka wa pili, laboratware na safari za kwenda kupima. Ngombe anayekamuliwa analeta makuta kila juma; ukimuuza, umelipa mara moja na chupa imekauka. Kama ni lazima kuuza, mwenye maziwa abaki.

Yule mama nilimuambia asiuze mbele ya kijana kuleta karatasi yenye mambo mawili: minerval ya miaka yote 2, na jina la mwalimu aliyekubali kumuongoza. Kijana alirudi juma lililofuata. Minerval ilikuwa imeandikwa, mwalimu bado. Ngombe wangali wawili.