Kuonja kahawa ya Idjwi: juu ya nini bikombe tano?

Barafiki, mu Kadutu tunajua kuonja kasiksi. Kahawa ya kisiwa cha Idjwi tunaionaka tu ikipita.

Siku nilionja mara ya kwanza, waliweka bikombe tano za shamba moja. Maji moto, dakika 4, unavunja povu na kijiko, unanusa, unafyonza kwa kelele (nilicheka). Nne zilikuwa tamu. Ya tano: harufu ya kirayi kibichi! Punje moja tu, ile mududu antestia alitoboa, inaharibu kikombe kizima. Kwa macho ni nguvu kuiona, ndiyo maana tano.

Mnunuzi akashusha bei ya magunia yote. Mama wa shamba akaniuliza: “Mtoto yangu, nilikosa wapi?” Nikamwambia apunguze matawi, mududu anapenda kichaka, na matunda yenye kuelea mu maji ayatoshe. Akauliza: misimu ngapi?