Diodi: Mlinzi Mdogo wa Saketi ya Mota

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huu humsadifu fundi aundaye saketi ya kuendeshea mota akapuuza diodi. Mota huzunguka vyema. Inapozimwa, transista inayoidhibiti huharibika. Mathalani, transista ya 2N2222A huhimili volti 40. Je, yawezekanaje saketi ya betri ya volti 12 iiangamize?

Jibu limo ndani ya mota yenyewe. Mota ina koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Mkondo wa umeme upitapo humo huzalisha uga wa sumaku ambao huhifadhi nishati. Mkondo huo haukubali kukoma ghafla, mithili ya abiria wa matatu anayerushwa mbele dereva akanyagapo breki. Transista inapokata njia, uga huporomoka na koili huzalisha volteji ya kuusukuma mkondo uendelee. Kadiri mkondo ukatwavyo upesi ndivyo volteji ipandavyo. Yaweza kufikia mamia ya volti kwa muda mfupi mno. Sifa hii ya koili hupimwa kwa henri, kipimo kilichopewa jina la mwanasayansi Mmarekani Joseph Henry, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka wa 1832.

Diodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Huungwa sambamba na mota, ncha yake yenye mstari ikielekea upande chanya wa betri. Mota ikizunguka, diodi hufunga njia. Transista ikizima, volteji ya koili hugeuka, diodi ikafungua njia, na mkondo ukazunguka baina yake na mota hadi nishati iishe. Hivyo transista hukabiliwa na takribani volti 13 tu.

Hata hivyo, pana mambo ya kuzingatia. Kwanza, diodi ikiungwa kinyume, mkondo huikwepa mota na kupita humo, ukaunguza diodi au transista. Pili, lazima diodi ihimili mkondo wa mota. 1N4007, kwa mfano, huhimili ampea 1. Tatu, pale mota inapowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde ili kudhibiti kasi yake, diodi ya Schottky hufaa zaidi kwa wepesi wake.

Naam, ufa ni mdogo na kizibo chake ni cha bei nafuu. Ukuta ndio ghali.