Kiharusi: Donge jekundu laonekana jeupe

Mgonjwa anapofikishwa hospitalini upande mmoja wa mwili umelegea na ulimi ni mzito, madaktari hujiuliza kwanza: je, ndani ya ubongo mna damu iliyovuja, au mna mshipa ulioziba? Dawa ya kuyeyusha donge la damu huweza kumwokoa mwenye mshipa ulioziba, na kumwua yule anayevuja damu. Ndiyo sababu hupigwa picha ya CT kabla ya tiba.

Damu iliyovuja hujitokeza mara moja, ikiwa nyeupe. Ubongo ulionyimwa damu, kinyume chake, mara nyingi huonekana wa kawaida katika saa za mwanzo. Hata hivyo, pengine huonekana alama ndogo: mshipa mkubwa wa upande mmoja unang'aa kama kijiti cheupe, ilhali mwenzake wa upande wa pili haung'ai. Kijiti hicho ndicho donge lenyewe.

Kwa nini liwe jeupe? Damu inapokwenda polepole au kusimama, chembe nyekundu hunaswa kwa wingi katika nyuzi za faibrini. Chembe hizo zimejaa himoglobini, na zikisongamana huzuia miale ya eksirei kuliko damu inayotembea. Katika baadhi ya picha za MRI donge hilo hilo hutoka jeusi, kwa kuwa chuma kilichomo katika himoglobini huvuruga nguvu za sumaku.

Damu inapokwenda kasi, mambo hubadilika. Zinazojikusanya zaidi ni faibrini na chembe sahani, zile zinazosaidia kuziba jeraha. Donge la namna hii huweza lisionekane kabisa katika picha ya kawaida, nalo mara nyingi huwa gumu kuyeyushwa. Basi alama isipoonekana, si ushahidi kwamba mshipa uko wazi. Hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, na penye donge mkondo wake hukatika ghafla. Madonge mengi yaliyotolewa na kuchunguzwa maabara yamekutwa ni mchanganyiko wa aina zote mbili.

Urefu nao una uzito wake. Utafiti wa Kiel, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba donge linalozidi milimita 8 ni nadra mno kuyeyushwa na dawa ya mshipani peke yake. Tangu mwaka 2015, majaribio kadhaa, la kwanza likiwa la Uholanzi, yamethibitisha manufaa ya kulivuta donge kwa mrija mwembamba unaopitishwa kinenani.

Lakini donge ni nusu tu ya habari. Gramu 100 za ubongo huhitaji kama mililita 50 za damu kila dakika. Zikipungua chini ya 20 hivi, seli hunyamaza. Chini ya 10 hivi, hufa. Sehemu iliyonyamaza huweza kuishi kwa saa kadhaa ikilishwa na mishipa midogo ya pembeni, na picha za mtiririko wa damu huionyesha. Kwa picha hizo, majaribio ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa huweza kutolewa donge hata baada ya saa 16, na wengine hadi saa 24.

Saa hizo huhesabiwaje? Ndugu aliyemleta mgonjwa huulizwa mlangoni: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?