Kuonya, Kufariji, Kutia Moyo: Vitenzi Vitatu na Huduma Moja katika Mwambao wa Gitaza, Burundi

Ikisiri

Makala hii inafafanua utiaji moyo kama huduma ya Kikristo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hususan Gitaza na maeneo ya Rumonge. Inadai kwamba tafsiri za Biblia za Kiswahili zimetumia vitenzi tofauti kwa dhana moja, na kwamba kila kitenzi hubeba jibu lake kuhusu nani anayestahili kuitoa huduma hiyo. Suala hili linawahusu pia washauri wa sera wanaopitia makanisa ili kuwafikia waathirika wa maafa.

Mahali penyewe

Gitaza imo katika tarafa ya Muhuta, kandokando ya Barabara ya Kitaifa namba 3 itokayo Bujumbura kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac. Upande mmoja ni ziwa; upande wa pili milima inasimama karibu wima, na makazi yamebanana katika ukanda mwembamba ulio katikati. Mwaka 2015 mvua kubwa ziliporomosha udongo kutoka milimani, watu wakafa, nyumba zikabomoka na barabara ikakatika. Baadaye, hasa mwaka 2021 na 2024, ziwa nalo lilifura na kuingia katika makazi na bandari za mwambao. Mkazi wa hapa, kwa hiyo, ana mlima mgongoni na maji miguuni. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 za barabara kati ya Rumonge na Gitaza, pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Barabara, basi, ina mradi, bajeti na mkandarasi. Aliyefukiwa na tope mali yake na watu wake humtegemea kwanza jirani anayebisha hodi.

Jirani huyo mara nyingi ni mtu wa kanisa. Ukristo una historia ndefu hapa, na haukuanza kwa urahisi: Mapadre Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati ya wamisionari hao waliuawa. Wapentekoste kutoka Sweden walianza kazi Kiremba mwaka 1935, mwaka ambao Waanglikana nao waliingia Matana, milimani juu ya mwambao huu. Kwa mjadala wetu, hata hivyo, tukio zito zaidi ni la mwaka 1972. Machafuko na mauaji yaliyoanzia mwambao huu mwishoni mwa Aprili yaliwasukuma maelfu ya watu Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliorejea kuanzia mwaka 2008, zaidi ya 50,000 kutoka makazi hayo, walikuja na watoto waliosomea kwa Kiswahili, wakaomba kwa Kiswahili, na wengine wakafiwa kwa Kiswahili. Kirundi ni lugha ya mama yao. Lugha ya maumivu yao si lazima iwe hiyo.

Vitenzi vitatu

Katika Agano Jipya la Kigiriki kitenzi kikuu cha huduma hii ni parakaleo. Kimeundwa na sehemu mbili, moja yenye maana ya kando na nyingine ya kuita. Ni kumwita mtu awe kando yako, au wewe kuwa kando yake. Paulo anaihesabu kazi hii miongoni mwa karama katika Warumi 12:8. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inaiita kuonya. Biblia Habari Njema inaiita kuwafariji wengine. Tafsiri ya Neno inaiita kutia moyo. Msomaji mwenye nakala tatu mezani angedhani anasoma karama tatu.

Tafsiri ya 1952 haikukosea. Onya ni kitenzi cha usababishi kutoka ona: kumfanya mtu aone. Kwa maana hiyo pana, anayeonya huelekeza, hufundisha, humwonyesha mwenzake njia ambayo machozi yameificha. Lakini matumizi yamelibana neno. Leo anayeonya ni mkubwa anayemkanya mdogo, na mtu akisikia kwamba mzee wa kanisa anakuja kumwonya, hujiuliza kwanza amekosa nini. Waebrania 10:25, katika tafsiri hiyohiyo, inawataka waumini waonyane, na sehemu nyingi neno hilo limesomwa kama ruhusa ya kukosoana.

Kufariji kuna mipaka ya aina nyingine. Faraja huja baada ya pigo, na mahali pake hasa ni matangani. Katika 2 Wakorintho 1:3-7 maneno ya shina la parakaleo yanarudi mara kumi katika aya tano, na hapo faraja ndilo neno linalofaa kabisa, kwa kuwa Paulo anazungumzia dhiki. Lakini mwanamke anayeuza ndagala barabarani, ambaye mtaji wake umepungua bila kufiwa na mtu, hana nafasi katika faraja. Hakuna msiba wa kumwendea.

Kutia moyo ndicho kitenzi kisichodai cheo wala msiba. Mtoto anaweza kumtia moyo bibi yake. Kirundi nacho kina kuremesha, chenye maana inayokaribiana, na guhumuriza kwa kumtuliza aliye na hofu. Maoni yangu ni kwamba kanisa linalohubiri karama hii kwa kitenzi cha kuonya litaiacha mikononi mwa wachungaji na wazee, na linaloihubiri kwa kutia moyo litaifungulia mlango wa jikoni. Tofauti hiyo haiko katika teolojia. Iko katika msamiati.

Tendo dogo na hatari yake

Katika mazingira haya kutia moyo ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya maneno: kumchotea maji mama aliyejifungua, kupeleka sahani ya ugali na mukeke kwa asiyeweza kusimama, kuketi kimya penye mkeka. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani na washirika wake unawataka watoa huduma waangalie, wasikilize na waunganishe, wala wasimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata. Bibi yeyote wa mwambao huu angeukubali, ingawa pengine angeshangaa kwamba uliandikwa.

Hatari ipo. Wafiwa huambiwa kwa Kirundi mwihangane, yaani vumilieni, kama sisi tunavyosema pole. Maneno haya ni mazuri mno pale msemaji anapobaki. Akiyasema huku anaondoka, yanageuka kuwa kifuniko cha chungu. Hatari ni kubwa zaidi palipo na haki inayodaiwa. Waliorejea kutoka Tanzania walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyeji wengine, na mwaka 2006 serikali iliunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine kushughulikia migogoro ya namna hiyo. Kumwambia mtu mwenye kesi kama hiyo asamehe na avumilie tu si kumtia moyo. Ni kumnyamazisha kwa jina la Mungu.

Hapa Barnaba ni kielelezo bora kuliko mahubiri mengi. Luka anaeleza jina lake kwa neno la faraja, lakini maneno ya faraja aliyoyatamka hayakuhifadhiwa kwa wingi. Yaliyohifadhiwa ni matendo. Aliuza shamba na kuleta fedha. Na Sauli alipoogopwa na wanafunzi wote Yerusalemu, Barnaba alimchukua akamfikisha mbele ya mitume. Alimsindikiza. Katika Rumonge ya leo, kumsindikiza mjane asiyejua Kifaransa hadi ofisini, kukaa naye benchi moja na kumsomea karatasi, ni huduma ya Barnaba bila kupunguzwa.

Kwa wanaoshauri kuhusu sera

Miradi ya afya ya akili inayopitia makanisa huanza na mchungaji kwa kuwa jina lake linajulikana na simu yake inapatikana. Ningependekeza swali lingine liulizwe kwanza: nyumba ilipobomoka, nani alifika bila kuitwa? Jibu litataja majina ambayo hayamo katika orodha yoyote ya viongozi, na mengi yatakuwa ya wanawake. Hao wasaidiwe kwa kiasi: nauli, sabuni, mtu wa kumpokea mgonjwa aliyezidi uwezo wao. Wasigeuzwe maofisa. Hofu yangu ni kwamba siku jirani atakapolipwa posho ya kubisha hodi, wasiolipwa wataona hodi si kazi yao.

Lugha ya mafunzo nayo isiamuliwe Bujumbura. Kitini cha Kirundi pekee kitawafaa wengi wa Gitaza, lakini katika vijiji vya amani kama Mutambara, walikokaa waliorejea, panahitajika na cha Kiswahili, tena Kiswahili cha Ulyankulu na Katumba. Na mfasiri wa kitini hicho, akilifikia neno la Kigiriki au la Kifaransa lenye maana ya kutia moyo, asiandike kuonya kabla hajawauliza watakaolisoma wanamwogopa nani.