Samaki Halazwi na Ndimu

Katika nyumba nyingi samaki wa kuoka amewekwa fungu moja na biriani: mapishi ya Jumapili, siku ya wageni. Sababu inayotolewa ni kwamba lazima alale na viungo usiku kucha, au walau saa tatu nne, ndipo akolee. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja na kufika nyumbani saa moja usiku hana saa hizo za kungoja, kwa hiyo humkaanga samaki haraka haraka au hugeukia mayai. Nasema sababu hiyo ina kasoro tangu mwanzo. Kwa jinsi mwili wake ulivyoumbwa, samaki huharibika akilazwa kwenye ndimu, na dakika 20 za viungo zinamtosha. Hakuna kitoweo kinachofaa zaidi usiku wa siku ya kazi.

Tuanze na mnofu wenyewe. Ng'ombe husimama kutwa akibeba uzito wake, na misuli yake ina nyuzi ndefu zilizofungwa kwa kolajeni ngumu. Samaki hubebwa na maji. Nyuzi zake ni fupi, zimepangwa tabaka kwa tabaka, na kati ya tabaka moja na jingine pana utando mwembamba wa kolajeni unaoyeyuka kwa joto dogo kuliko ule wa nyama. Ndiyo maana samaki aliyeiva humeguka kwa kuguswa tu. Mshikaki wa ng'ombe una ugumu wa kulainishwa kwa papai au mtindi, na kuulaza kuna faida. Changu hana ugumu huo. (Pweza ni habari nyingine kabisa, na hapa hahusiki.) Ndimu inapomkuta samaki hufanya kazi nyingine. Protini za mnofu zimejikunja kwa umbo maalumu, na asidi huliharibu umbo hilo karibu sawa na joto linavyofanya. Watu wa Peru wamejenga chakula chao mashuhuri, seviche, juu ya jambo hili: mnofu mbichi hukatwa vipande vidogo, hukamuliwa ndimu, na baada ya muda mfupi hugeuka mweupe na kukaza bila kupita motoni. Samaki aliyelazwa kwenye ndimu tangu asubuhi basi huwa amekwisha kazwa nje kabla oveni haijawashwa. Akitiwa motoni hukamuliwa maji kwa mara ya pili, nje anakuwa mkavu wa kukwaruza koo, na lawama zote huangukia oveni.

Wapo watakaouliza: sasa viungo vitakoleaje? Chumvi kweli hupenya, kwa kuwa huyeyuka majini na chembe zake ni ndogo sana. Lakini ladha ya kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili manga hubaki sehemu ya juu, hata ukizipa usiku mzima. Kwa hiyo kinachoongeza ukolevu ni kuongeza sehemu ya juu yenyewe, na hapo kisu kinashinda saa. Chanja kila ubavu mara tatu au nne, karibu kufikia mfupa, halafu usukume viungo vilivyotwangwa ndani ya mikato na tumboni. Kwa samaki mzima wa gramu 700 hivi, twanga chembe nne za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi, changanya na kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo cha bizari nyembamba ya kusaga, nusu yake ya manjano, pilipili kadiri ya walaji, na vijiko viwili vya mafuta. Kabla ya yote mkaushe samaki kwa kitambaa safi. Maji yakibaki juu ya ngozi, joto hutumika kwanza kuyakausha, na samaki huchemka badala ya kuokwa.

Ndimu nayo ina kazi yake, nayo ni shombo. Samaki wa baharini wana kemikali isiyo na harufu iitwayo trimethilamini oksidi. Wakishakufa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo inayonuka. Asidi huifunga isiweze kupaa hewani, na hufanya hivyo mara tu inapoigusa, haihitaji kusubiriwa. Ndimu moja ikamuliwe pamoja na viungo, dakika 20 kabla ya moto, basi. Asidhani mtu kwamba ndimu imeua vijidudu vyote. Kazi hiyo ni ya moto.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la yule anayesema asubuhi ndiyo nafasi pekee aliyonayo. Na apake asubuhi, ila viungo viwe bila ndimu na kwa chumvi kidogo tu, kisha samaki akae ndani ya friji mpaka jioni. Asimwache mezani jikoni hata kama amefunikwa. Nguru, jodari na vibua wana histidini kwa wingi, na wakikaa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini, inayoleta uso kuwaka, vipele na kichwa kuuma. Histamini haiondolewi na moto, hata samaki aive vipi. Aliyeganda ayeyushwe ndani ya friji hiyo hiyo tangu usiku wa jana.

Kuhusu moto, ipo kanuni iliyoenezwa na idara ya uvuvi ya Kanada ambayo ingefaa kubandikwa ukutani kila jikoni: pima unene wa samaki mahali palipo panene kabisa, kisha upe dakika 10 kwa kila sentimita 2.5, oveni ikiwa na joto kali la nyuzi 220 hadi 230. Kipande cha nguru kitaiva kwa dakika 10 au 12. Changu mzima mwenye unene wa sentimita 5, dakika 20. Choma kwa ncha ya kisu karibu na mfupa: mnofu ukiachia mfupa na kupoteza ule mng'ao wa ubichi, mtoe. Matone meupe yanayojitokeza juu ya mnofu ni protini iliyokamuliwa, dalili kwamba moto umezidi. Sasa hesabu jioni yenyewe. Unawasha oveni na kumpaka samaki viungo, unateleka wali, samaki anaingia oveni ikishapata moto, na vyote viwili vinaiva ndani ya dakika 45.

Kuna la gharama pia. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka dakika 40 mfululizo haili zaidi ya uniti moja na theluthi, na kwa kweli hula pungufu, maana hujizima ikifikia joto lake. Kukaanga kunataka mafuta mengi na mtu wa kusimama kikaangoni. Asiye na oveni ana njia ya zamani ya mkate wa kumimina: sufuria nzito yenye mfuniko, makaa kidogo chini, mengi juu.

Anayetaka ladha ya samaki wa kupaka achemshe tui zito na manjano, pilipili na ukwaju mpaka libaki rojo, kisha alimwage juu ya samaki dakika tano za mwisho. Ukwaju ni mchachu kama ndimu, lakini unafika wakati protini zimekwisha kushikana kwa joto, kwa hiyo unaleta ladha tu.