Programu ‘ilipita’ majaribio yote, kumbe hakuna hata moja lililofanyika

ILIKUWA saa tano na nusu usiku, Lucky Summer. Moshi wa dampo la Dandora ulikuwa umeshaingia ndani kama kawaida upepo unapogeuka. Tokeni za stima zilikuwa zimebaki yuniti tatu, na bundles za siku zilikuwa zinakaribia kukata. Nikaandika amri ya mwisho, mvn test, na ule mstari wa kijani ukatokea: BUILD SUCCESS. Nikatuma kazi, nikafunga laptopu, nikalala fofofo.

Kesho yake, Jumanne, jibu likaja. Kampuni iliyokuwa ikinipima kwa nafasi ya mafunzo ya miezi sita, yenye posho, iliandika mistari miwili tu. Programu ni safi, walisema, lakini tuliomba majaribio na kwetu hakuna hata moja linalofanyika. Rekebisha kabla ya Ijumaa jioni.

Niliona kama wananichezea. Majaribio yalikuwa 14, niliyaandika kwa mkono wangu. Na kijani niliiona kwa macho yangu!

Kwa ambaye hajawahi kushika kazi hii: ukiandika programu kwa lugha ya Java (si ile Java ya kahawa, ingawa jina linatoka huko huko), unaandika pia programu ndogo za kuichunguza ile kubwa. Yangu ilikuwa ya chama, kama hiki cha mama yangu hapa mtaani. Kila mwanachama analeta Sh1,000 kufikia tarehe 5 ya mwezi, na anayechelewa anapigwa faini ya Sh200. Jaribio moja linauliza: akilipa tarehe 4, faini ni sufuri? Jingine: akilipa tarehe 9, ni Sh200? Kompyuta inayajibu yote kwa sekunde chache, kila unapogusa msimbo. Bila majaribio, kosa litagunduliwa na mama mmoja mwenye hasira kwenye mkutano wa Jumapili.

Chombo kinachotumika sana ni JUnit. Kilianzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka wa 1997, wakiwa ndani ya ndege kuelekea kongamano la Atlanta, Marekani. Toleo la 5, ambalo lilibadilisha mambo mengi, lilitoka Septemba 2017. Kumbuka hiyo miaka, maana ndipo shida yangu ilipokuwa imejificha.

Jumanne hiyo usiku nilipanda orofa ya nne kwa jirani ambaye huandika programu kazini kwake huko Westlands. Ni mtu wa maneno machache. Alikuwa anakula chapo madondo, hakuiweka chini sahani.

“Mkubwa, kwangu inapita, kwao haipiti,” nikamwambia.

“Umesoma ama umeangalia rangi?”

“Nimeangalia... ni kijani.”

“Panda juu kidogo. Juu ya hiyo kijani.”

Nikapanda. Na pale, kwa herufi ndogo ambazo macho yangu yalikuwa yameziruka wiki nzima, paliandikwa: Tests run: 0, Failures: 0.

Sufuri. Hakuna kilichoanguka kwa sababu hakuna kilichosimamishwa. Ni kama mwalimu aliyeingia darasani tupu, akatoka na kuandika kwamba hakuna mwanafunzi aliyefeli. Maven, ile programu inayojenga kazi za Java, haikudanganya. Iliulizwa kama kuna kosa, ikajibu hakuna.

Lakini ndani ya IntelliJ, programu ninayoandikia, zote 14 zilikuwa zinapita, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. IntelliJ ina njia yake yenyewe ya kuendesha majaribio. Maven hutumia plagini inayoitwa Surefire. Hizo ni njia mbili tofauti, na kampuni haifungui IntelliJ yako. Inaandika mvn test na kusubiri.

Jirani akaniambia niandike mvn -v. Maven yangu ilikuwa 3.6.3, niliyopewa kwenye flashi na rafiki. Maven za umri huo, usipoziambia Surefire ya kutumia, huchukua toleo la 2.12.4. Toleo hilo ni la 2012. Sasa hebu fikiria: plagini ya 2012 inapewa majaribio ya mtindo wa 2017. Haiyatambui, inayapita kama matatu isiyokuona steji, na haisemi lolote. Surefire ilianza kuielewa JUnit 5 yenyewe kuanzia toleo la 2.22.0. Dawa ni mistari michache ndani ya faili ya pom.xml, ukitaja toleo jipya kwa nambari badala ya kuliacha Maven ijichagulie.

Kuna ndugu ya tatizo hilo. JUnit 4 na JUnit 5 zote hutumia alama ya @Test, tena zinafanana kabisa kwa sura. Tofauti iko juu ya faili, kwenye mstari wa import: ya zamani ni org.junit.Test, mpya ni org.junit.jupiter.api.Test. Ukinakili kipande kutoka kwa somo la zamani na kingine kutoka kwa jipya, nusu ya majaribio yako yanaweza kukaa kimya huku nusu nyingine ikipita. Angalia huo mstari kabla hujaanza kuilaumu laptopu.

Tukabadilisha toleo, tukaendesha tena kwa Wi-Fi yake. Tests run: 9.

Tisa? Yalikuwa 14.

Jirani alicheka kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na faili mbili za majaribio. Moja niliita FainiTest. Nyingine, kwa sababu nilitaka kazi iwe na ladha ya nyumbani, niliita JaribioLaMichango. Surefire haijui Kiswahili, pole sana. Usipoiambia vingine, inatafuta majina yanayoanza au kuishia na Test, au yanayoishia na Tests au TestCase. Jaribio langu la Michango lilikuwa limekaa nje ya mlango, na mlinzi hakuwa na jina lake kwenye orodha. Nikaliita MichangoTest. Zikafika 14. (Ukishikilia Kiswahili chako, unaweza kuongeza mtindo wako wa majina kwenye pom.xml. Mimi nilikuwa na haraka.)

Kabla sijashuka aliniongezea mpangilio mmoja wa Surefire, failIfNoTests, ukiwekwa true. Kuanzia hapo, Maven isipopata jaribio lolote inakataa kabisa kujenga. Kwa maoni yangu ingekuwa hivyo tangu mwanzo.

Jumatano ilikuwa ya bundles. Maven hushusha kila kitu kutoka mtandaoni: maktaba, plagini, na maktaba za hizo plagini. Hivyo vitu vinakula data kuliko video. Nilikuwa nimesikia ujanja wa kwenda mahali penye Wi-Fi, kuandika mvn dependency:go-offline ili vyote vishuke, kisha nyumbani kuandika mvn -o test bila mtandao. Kwa vile nilitaka kuanza na toleo jipya zaidi la Surefire, nikaenda saiba Baba Dogo, nikafanya hivyo, nikarudi kwa keja nikiwa na raha. Ikagoma. Kumbe Surefire huenda kutafuta msaidizi wake wa JUnit 5 pale tu majaribio yanapoanza kukimbia, na go-offline haimchukui. Kwa hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi, usiishie hapo. Endesha mvn test nzima mara moja, uone nambari, ndipo uondoke. Nililipa nauli na saiba mara mbili kujifunza hilo.

Habari ya matoleo ya Java nitaipitia mbio. Ukiona ujumbe unaotaja “class file version 61.0”, ondoa 44: hiyo ni Java 17. Ikikwambia mashine yako inafika 55.0 pekee, una Java 11. Mara nyingi Java mpya unayo, ila JAVA_HOME bado inaelekeza kwa ile ya zamani. mvn -v itakuonyesha Maven inatumia ipi hasa. Usiamini java -version peke yake.

Alhamisi usiku nikapandisha kazi GitHub, ambako seva zao huendesha majaribio zenyewe kila unapotuma. Laptopu: 14 zimepita. Seva: 13 zimepita, moja imeanguka. Nilitaka kulia.

Lililoanguka lilikuwa la mwanachama aliyelipa tarehe 6, saa saba na dakika kumi usiku. Kwangu, amechelewa, Sh200. Seva ikasema hajachelewa, hana faini.

Nilikaa na hilo jambo hadi saa nane. Hatimaye nikaelewa: seva zile huishi kwa saa ya UTC, na Nairobi iko saa tatu mbele. Saa saba na dakika kumi usiku ya Lucky Summer, tarehe 6, kule bado ni saa nne na dakika kumi usiku, tarehe 5. Katika msimbo nilikuwa nimeandika ZoneId.systemDefault(), yaani “tumia saa ya mashine yoyote uliyomo”. Mashine ikihama, tarehe inahama nayo. Sisi Waswahili tuna maneno ya kujikinga na utata huu, tunasema “usiku wa kuamkia tarehe 6” na kila mtu anaelewa. Java haina usiku wa kuamkia. Inataka uiambie: ZoneId.of("Africa/Nairobi").

Afadhali jaribio langu lilikuwa na tarehe iliyoandikwa. Angalau lilianguka kila mara. Wanaotumia LocalDate.now() kwenye majaribio hupata ugonjwa mbaya zaidi: linapita mchana kutwa, halafu linaanguka kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri, wakati Nairobi imeshavuka siku na UTC bado. Na sisi wa mitaa yenye kelele ndio tunaofanya kazi saa hizo. Ukiona jaribio linalokataa usiku tu, usiliwashe upya ukitumaini litatulia. Lipe programu yako Clock unayoishikilia mwenyewe, iliyosimamishwa kwa Clock.fixed, ili “leo” iwe leo uliyoichagua.

Fikiria hilo kosa lingefika kwenye chama halisi. Wanawake ambao huwekeana pesa kwa kuaminiana, halafu mmoja anasamehewa faini na mwingine anatozwa, kwa sababu seva fulani ng’ambo ina saa yake.

Ijumaa saa kumi na nusu jioni nilituma tena. Safari hii sikuandika “imepita”. Nilinakili mstari mzima: Tests run: 14, Failures: 0, Errors: 0, Skipped: 0. Jumatatu walinipigia simu, na wiki iliyofuata nikaanza.

Jioni ya hiyo Jumatatu nilimpa mama laptopu aingize wanachama wake, nimtambie kidogo. Wa tatu akakataliwa. Nambari yake ya simu inaanza na 0110, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba nambari zote zinaanza na 07. Kati ya majaribio 14, hakuna lililouliza hilo.

La 15 nililiandika usiku huo huo, mama akiwa bado ameketi kando, akisubiri kumwingiza rafiki yake.