Sir Ali bin Salim: Mrithi, Hati na Mashamba Yetu

Muulize kijana yeyote wa Mbaraki kuhusu ule mnara wa kale, atakupeleka hadi pale ulipo. Muulize Sir Ali bin Salim alikuwa nani, atakuangalia tu. Na ilhali habari zake zinahusu ugomvi wa ardhi tunaousikia kila siku hapa pwani.

Ali alizaliwa 1870 katika ukoo wa Al-Busaidi, ukoo wa masultani wa Unguja. Babake, Salim bin Khalfan, alikuwa liwali wa Malindi, kisha wa Mombasa, na alikuwa miongoni mwa wenye mashamba makubwa kabisa hapa pwani. Tusifiche: mashamba ya wakati huo yalilimwa kwa jasho la watumwa.

Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gasi, wa ukoo wa Mazrui, alipigana na Waingereza. Salim bin Khalfan alisimama upande wa serikali. Mbaruk alishindwa, akakimbilia kwa Wajerumani 1896, na serikali ikachukua ardhi yake. Mbaruk akapoteza mali, ukoo wa Salim bin Khalfan ukabaki nayo.

Kisha ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kila mwenye kudai shamba katika ukanda wa pwani alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Wenye vyeo na wenye kuzijua ofisi wakapata hati. Wamijikenda wengi, na Waswahili wengi pia, hawakupata. Wajukuu wao ndio tunaowaita maskwota leo, juu ya ardhi waliyozikwa babu zao.

Ali akapanda cheo baada ya babake: akawa liwali, akawawakilisha Waarabu katika baraza la kutunga sheria, Waingereza wakampa jina la "Sir". Alifariki 1940. Alitoa pia maktaba ya umma, akaipa jina la ndugu yake Seif bin Salim.

Funzo ni lipi? Mrithi hafanywi na damu peke yake. Dini yetu imeshagawa mirathi, kila mtu na fungu lake, wanawake wakiwemo. Lakini fungu bila karatasi ni rahisi kuliwa. Nyumba ngapi za hapa bado zina hati yenye jina la marehemu aliyekufa miaka thelathini iliyopita? Wajukuu wameongezeka, kila mmoja anadai chumba, na dalali yuko mlangoni.

Mahakama ya Kadhi ipo, na mirathi ni kazi yake. Tugawe mapema, wazee waliomjua marehemu na mipaka ya shamba lake wakiwa bado hai. Na mwenye uwezo aweke kipande cha wakfu, kwani mali ikishagawanywa na kuuzwa, jina la mwenyewe hupotea. Aliyotoa kwa ajili ya watu ndiyo hubaki.